Jina la Mpagazi: Historia ya Tume ya Makaburi ya Vita na Deni Lake Afrika Mashariki

Tarehe 21 Mei 1917, vita vikiwa bado vinaendelea Ufaransa, Palestina na huku kwetu kusini mwa mto Rufiji, Mfalme George wa Tano wa Uingereza alitoa hati ya kuunda taasisi ambayo dunia haikuwahi kuiona. Haikuwa ya kupigana wala ya kutibu majeruhi. Ilikabidhiwa watu waliokwisha kufa: ijue walipolala, iandike majina yao, na iyatunze makaburi yao kwa vizazi vyote. Mwaka 1960, dola iliyoizaa ikiwa inavunjika, ilibadili jina na kuitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Leo inatunza kumbukumbu za watu wapatao milioni 1.7 katika nchi na maeneo zaidi ya 150. Yamo makaburi ya Dar es Salaam, Moshi, Tanga, Morogoro, Iringa, Taveta, Voi na Nairobi.

Taasisi hii inastahili historia yake iandikwe kwa Kiswahili, tena na watu wa huku, kwa kuwa wema wake mkubwa na kosa lake kubwa vimekutana katika ardhi yetu. Ilitoa ahadi ambayo hakuna serikali iliyokuwa imewahi kuwapa askari wake wa kawaida. Ahadi hiyo ikatimizwa Ufaransa na Ubelgiji kwa uaminifu wa ajabu, na Afrika Mashariki ikavunjwa mbele ya maiti za makumi ya maelfu ya wapagazi.

Mwanzilishi wake, Fabian Ware, alikuwa mtu wa elimu na mhariri wa gazeti. Vita vilipoanza mwaka 1914 alikuwa na umri wa miaka 45. Jeshi likamkataa, wakamwona mzee. Akapata nafasi ya kuongoza kikosi cha magari cha Msalaba Mwekundu huko Ufaransa, kikiokota majeruhi. Barabarani aliona makaburi ya haraka haraka, msalaba wa mti umechomekwa, jina limeandikwa kwa penseli, mvua inalifuta. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kuyaandika. Ware akaanza kuyaandika. Mwaka 1915 jeshi liliitambua kazi hiyo rasmi, na baada ya muda familia zikawa zinaandika barua kuuliza mtoto wao amelala wapi, nazo hutumiwa picha ya kaburi pamoja na maelezo ya mahali lilipo. Kwa mama aliye nyumbani Leeds au Glasgow, asiyeweza kuvuka bahari, picha ile ilikuwa ndiyo mazishi.

Baada ya vita likaja swali gumu: watu hawa warudishwe makwao? Tajiri angeweza kukodi meli akamleta mwanawe, maskini asingeweza. Tume ikaamua kwamba hakuna atakayerudishwa. Kila mmoja angelala karibu na pale alipoangukia, na wote wangepewa jiwe la aina moja. Mwaka 1918 Frederic Kenyon, mkurugenzi wa Makumbusho ya Uingereza, aliandika taarifa iliyoweka misingi ya kazi yote. Kila aliyekufa atatajwa kwa jina, ama juu ya jiwe la kaburi lake, ama kwenye mnara kama mwili haukupatikana. Mawe yawe ya kudumu. Yafanane. Pasiwe na tofauti ya cheo, rangi wala dini.

Uamuzi huo ulipingwa vikali. Wazazi wengi walitaka msalaba, walitaka mtoto wao arudi, walitaka kuchagua jiwe wenyewe. Bunge la Uingereza lilijadili jambo hilo tarehe 4 Mei 1920, na msimamo wa Tume ukasimama. Ndiyo maana hadi leo mtoto wa lodi na mtoto wa mchimba makaa wamelala bega kwa bega Ufaransa, na mgeni hawezi kuwatofautisha.

Jiwe lenyewe lina urefu wa sentimita 81 na upana wa sentimita 38, kichwa chake kimepinda kidogo ili maji ya mvua yateremke. Juu ipo alama ya kikosi. Chini yake namba ya askari, cheo, jina, tarehe ya kufa, umri, halafu alama ya dini yake. Pale chini kabisa, karibu na udongo, familia iliruhusiwa maneno yake yenyewe yasiyozidi herufi 66. Ilitakiwa kulipia kila herufi, na baadaye ada hiyo ikawa ya hiari kwa kuwa kulikuwa na wajane waliokuwa wakihesabu herufi ili wapunguze gharama. Askari asiyejulikana naye alipewa jiwe lake, likisema kwamba Mungu anamjua. Maneno hayo yalichaguliwa na Rudyard Kipling, mshauri wa Tume kwa mambo ya maandishi, ambaye mwanawe John alipotea katika mapigano ya Loos mwaka 1915. Miili ya Waislamu iliyozikwa na Tume ilielekezwa kibla. Mtu akisoma taratibu hizi anaona kazi iliyofanywa na watu waliofiwa, waliojua kuhani msiba ni nini.

Hapo ndipo uchungu wa Afrika Mashariki unapoanza.

Vita vya huku vilikuwa vita vya vichwa vya watu. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota, barabara hazikuwapo, malori yalizama kwenye matope ya Rufiji na Lindi. Kila risasi, kila gunia la unga, kila kitanda cha afisa kilibebwa na mtu. Mzigo mmoja ulikuwa wa kilo zipatazo 25, mpagazi akiongeza juu yake blanketi na sufuria yake. Upande wa Waingereza peke yake watu wapatao milioni moja walifanya kazi hiyo kwa nyakati mbalimbali, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Tanganyika yenyewe na kwingineko. Mwaka 1917, kati ya Machi na Agosti, zaidi ya wanaume 120,000 walikusanywa Kenya katika msako mmoja ulioacha vijiji vizima bila vijana.

Risasi hazikuwaua wengi wao. Waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi. Waliokulia ndizi walilishwa unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa nusu kwa kukosa kuni na muda, matumbo yakashindwa. Watu wa milima baridi waliteremshwa pwani yenye homa, na watu wa pwani wakapandishwa milimani bila nguo. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, alipojisalimisha Abercorn, mji uitwao sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya vita kwisha Ulaya, homa ya mafua ya mwaka ule ilikuwa imeanza kuwafyeka waliobaki wakati wakirudi makwao. Hesabu inayotajwa kwa kawaida ya vifo vya wapagazi wa upande wa Waingereza ni takriban 95,000. Ni watu wengi kuliko wanaojaa uwanja wowote wa mpira katika Afrika Mashariki.

Hao ndio waliopaswa kuandikwa. Mkuu wa kikosi cha wapagazi, Oscar Watkins, alikuwa na orodha. Kila mpagazi aliandikishwa kwa jina na namba kwa ajili ya mshahara, akavikwa kibati cha namba yake shingoni. Kulikuwa na karatasi. Nalisema hili kwa sababu hoja iliyotumika baadaye ni kwamba majina hayakuwapo au hayakuaminika. Ni kweli kwamba mengi yalipotea, mengine yaliandikwa vibaya na makarani wasiojua lugha za watu wale. Lakini serikali ya Kenya iliyosema haiwezi kuwaandika waliokufa ndiyo iliyoweza, kuanzia mwaka 1920, kuwaandikisha walio hai. Sheria ya kipande ilimtaka kila mwanaume Mwafrika mwenye umri wa kufanya kazi awe na karatasi yenye jina, alama za vidole, baba yake, wilaya yake na mwajiri wake, aivae shingoni katika kijisanduku cha bati. Katika miaka michache mamia ya maelfu ya watu walikuwa wameandikishwa. Uwezo wa kuandika majina ulikuwapo. Ulielekezwa kwa vibarua.

Kumbukumbu za Tume yenyewe zinaonyesha kilichotokea ofisini. Walipouliza serikali za makoloni wafanye nini na makaburi ya Waafrika, majibu yalikuwa ya namna moja. Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, alishauri makaburi makubwa ya wapagazi, Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo, na hakupenda kuzitazama takwimu za waliokufa. Gordon Guggisberg, gavana wa Gold Coast, katika mkutano uliofanyika London mwaka 1923, alisema mwenyeji wa kawaida asingeelewa maana ya jiwe la kaburi. Arthur Browne wa Tume akamjibu kwamba pengine baada ya miaka mia mbili au tatu, wenyeji wakishastaarabika, wangefurahi kuona mawe. Aliamini anatetea mawe yawekwe, na bado hakuweza kumwona Mwafrika wa siku ile kama mtu anayelia.

Maofisa wengine waliandika kwamba Waafrika hawajali kutia alama makaburi ya wafu wao. Mtu aliyeandika hivyo hakuwahi kuingia kihamba cha Mchaga wala kibanja cha Mhaya akaona wazee wamezikwa miguuni pa migomba ile ile wanayolishia watoto. Hakujua kwamba Mgikuyu humpa mwanawe wa kwanza wa kiume jina la baba yake, hata mzee aliyekufa anaendelea kuitwa kila asubuhi uani. Hakukaa kwenye hitima ya arobaini huku pwani, akasikia marehemu wa ukoo wakiombewa mmoja mmoja. Watu hawa walijua sana kumkumbuka mtu. Walichokosa ni habari. Mpagazi alikufa Mahenge, mkewe yuko Machakos, na hakuna aliyempelekea neno. Mwaka ukapita, wa pili ukapita. Familia nyingi hazikukaa matanga kwa sababu hazikujua yaanze lini.

Na nyumbani nako hakukuwa salama. Tunapozungumzia kuwaunga mkono askari kutoka nyumbani, tunafikiria michango, maombi na barua. Mwaka 1917 na 1918 msaada huo ulichukuliwa kwa nguvu. Huko Ugogo majeshi ya Wajerumani yalipita yakachukua nafaka, ng'ombe na vijana. Ya Waingereza yakaja nyuma yao yakachukua yaliyosalia. Mvua ikakosekana. Njaa iliyofuata, ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, iliendelea hadi mwaka 1920 na kuua watu wengi mno. Wake na watoto waliolima mtama ulioliwa na majeshi hawamo kwenye kumbukumbu yoyote ya vita. Wala wapagazi wa upande wa Wajerumani, ambao hawakuwa na tume yoyote ya kuwaulizia.

Tume, kwa upande wake, ilikubali ushauri wa magavana. Iliamua kuwa Afrika Mashariki itajengewa sanamu badala ya majina. Mchongaji James Alexander Stevenson akatengeneza sanamu za shaba zilizozinduliwa katika miaka ya 1920 Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Zote zipo hadi leo. Ile ya Dar es Salaam, katika mzunguko wa Mtaa wa Samora, imesimama mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann. Askari amevaa kofia na patisi za kitambaa miguuni, bunduki ameishika kwa mikono miwili, singe imeelekezwa upande wa bandari. Ile ya Nairobi inao watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Kwenye nguzo yametiwa maandishi, Kiswahili kikiwamo, kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu, ya kuwakumbuka askari wenyeji na wapagazi, hao waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno hayo, aliyoyatunga Kipling, yanaahidi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake.

Nimeyasoma mara nyingi, na kila mara naiona nguzo ile ilivyo tupu. Hakuna jina hata moja. Kipling alijua uzito wa jina kuliko watu wengi. Alitumia miaka mingi kuutafuta mwili wa mwanawe. Ahadi aliyoiandika ilikuwa nzuri, na taasisi iliyomwajiri ilikuwa imekwisha kuamua kutoitimiza. Huko Voi hali inaonekana kwa macho: makaburi ya Wazungu yana mawe, nyasi zimekatwa, na Waafrika waliofia pale pale, wakijenga reli na kubeba mizigo ya kampeni ile ile, hawana jiwe.

Kwa haki ya taasisi hii lazima isemwe kwamba vita vya pili vya dunia vilikuwa tofauti. Zaidi ya watu 300,000 wa Afrika Mashariki walivaa sare. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw nchini Burma katika msimu wa mvua wa mwaka 1944, likiwa bonde lililosifika kwa malaria, na kufika mto Chindwin huko Kalewa mwezi Desemba. Waliokufa huko walizikwa kwa majina, na ambao hawakupatikana wameandikwa Taukkyan, karibu na Yangon, kwenye mnara wenye majina yapatayo 27,000. Ukiyapitia unakutana na majina ya Wakamba, Wanyamwezi, Wajaluo, Wayao, yaliyochongwa sawasawa na ya watu wa Lancashire.

Yupo pia askari aliyefia baharini akiwa njiani kwenda Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Japani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa muda usiofika dakika tatu. Walikufa watu 1,297, na wengi wao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Hawana kaburi. Majina yao yapo Nairobi, kwenye Mnara wa Afrika Mashariki ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road. Mjukuu anaweza kwenda na kuweka kidole chake juu ya herufi za jina la babu. Hiyo ndiyo kanuni ya Kenyon ikifanya kazi yake, na inapofanya kazi hivyo sijui taasisi nyingine yoyote inayoizidi kwa uaminifu.

Uaminifu huo una watu nyuma yake, na wengi wao ni wa huku huku. Watunza bustani wa makaburi ya Dar es Salaam, katika barabara iendayo Bagamoyo, wanakata majani, wanasafisha mawe kwa brashi na maji, wanapanda maua yanayostahimili jua la Januari. Makaburi 660 kati ya yaliyo pale ya vita vya kwanza yalihamishiwa hapo mwaka 1968 kutoka makaburi ya zamani karibu na Ocean Road, kupisha ujenzi wa barabara. Serikali ya Tanzania huru, ambayo haikuwa na deni lolote kwa vita vya wafalme wa Ulaya, ilikubali mifupa hiyo ihamishwe kwa heshima. Naona jambo hilo linafaa kukumbukwa kila tunapodai haki ya wapagazi.

Tanzania yenyewe ilipofikwa na msiba wa askari wake, ilifuata njia iliyo karibu sana na ile ya Ware. Idi Amin alipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere aliliambia taifa tarehe 2 Novemba kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga vyote vipo. Wananchi wakajitoa kwa namna ambayo mwaka 1917 haikuwapo: wafugaji walitoa ng'ombe, wakulima chakula, watu binafsi na mashirika wakatoa malori, mgambo wakajiunga. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Waliokufa katika vita hivyo wamepumzishwa Kaboya, wilayani Muleba, na majina ya mashujaa yameandikwa kwenye mnara wa marumaru nyeupe. Waliofia Msumbiji wamelala Naliendele, Mtwara. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na wazee waliopigana zamani huweka shoka. Viongozi wa dini huomba dua mmoja baada ya mwingine. Askari 14 wa Tanzania walipouawa Semuliki, mashariki mwa Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, wakiwa kwenye ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa, miili yao ilirudishwa nyumbani, ikaagwa Dar es Salaam na kuzikwa na jamaa zao. Hakuna aliyeuliza kama mama zao wangeelewa maana ya kaburi.

Mabadiliko ndani ya Tume yalikuja kwa kusukumwa. Profesa Michèle Barrett alikuwa amekwisha kuyafukua mafaili ya miaka ya 1920 na kuyaandikia. Mwaka 2019 filamu iliyosimuliwa na mbunge David Lammy, akitembea Voi na Dar es Salaam, iliyaweka mafaili hayo mbele ya umma wa Uingereza. Tume ikaunda kamati maalumu, na mwezi Aprili 2021 kamati ikatoa taarifa isiyoficha neno. Ilikadiria kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Wahindi, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, na wanaoweza kufika 350,000, hawakutajwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa; wengi wa hao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Tume iliomba radhi. Waziri wa Ulinzi Ben Wallace aliomba radhi bungeni tarehe 22 Aprili.

Radhi inapokelewa. Katika mila zetu, anayekiri kosa la mazishi hukaribishwa akae, kisha huulizwa anakuja na nini. Tume imekuja na kitu, na ni haki kukitaja. Tarehe 22 Januari 2025 ulizinduliwa Cape Town, katika bustani ya Company's Garden, mnara wa vibarua weusi wa Afrika Kusini waliokufa katika vita vya kwanza barani Afrika. Ni nguzo za mti mgumu wa Kiafrika, kila nguzo na jina lake na tarehe ya kifo, zaidi ya 1,700. Kwa miaka mia moja ilikuwa ikisemwa kwamba majina ya watu kama hao hayapatikani. Yalikuwa kwenye nyaraka, yakisubiri mtu wa kuyasoma. Nchini Kenya pia kumbukumbu za kale za jeshi zimeanza kufunguliwa na kusomwa.

Kwa wapagazi wetu kazi itakuwa nzito zaidi, kwa kuwa idadi ni kubwa na nyaraka zimetawanyika. Baadhi ziko London, nyingine Nairobi na Dar es Salaam. Vitabu vya misheni vya ubatizo na vifo vina majina ambayo daftari za jeshi hazina. Ambapo jina halitapatikana kabisa, iandikwe idadi na wilaya waliyotoka, ili watu wa Murang'a wajue kwamba jiwe lile ni la watu wa Murang'a. Na Dar es Salaam mahali pa mnara wao panajulikana: Kariakoo, ilipokuwa kambi ya wapagazi, ambapo kila siku maelfu ya watu bado wanabeba mizigo kichwani na mgongoni bila kuona popote pameandikwa kuhusu waliowatangulia.

Kuna chanzo kimoja ambacho hakiwezi kusubiri bajeti wala vikao. Wajukuu wa wapagazi sasa ni wazee wa miaka 80 na zaidi. Baadhi wanakumbuka bibi akisema mumewe alichukuliwa msimu gani, na chifu yupi, pamoja na nani. Tume ikiwatuma watu wenye lugha za huko, na kinasa sauti na daftari, Machakos, Kisii, Murang'a, Ugogo na Unyamwezi, majina mengi yatapatikana kwa mdomo kabla ya kupatikana kwa karatasi, na yale yatakayolingana na daftari za mishahara yanaweza kuanza kuchongwa mara moja.